Chama cha Wafanya Kazi ni Nini?

1. Mzani wa chai

Ukisimama Kawetele asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mlima Rungwe, utawaona watu wakishika njia wawili wawili na watatu watatu, kila mmoja akienda kazini kwake. Yuko aendaye Tukuyu mjini kufungua duka la mtu mwingine. Yuko mwashi aliyeshika mwiko wake. Yuko kijana wa pikipiki. Na wako akina mama wenye vikapu waendao kuchuma chai. Wengi wao wanafanana kwa jambo moja. Hawauzi mali yao, bali wanauza nguvu za mikono yao, na jioni au mwisho wa mwezi wanapokea ujira. Watu hao ndio waitwao wafanya kazi. Katika habari hii tutajifunza jinsi watu wa namna hiyo walivyozitafuta haki zao, na jinsi wanavyozilinda leo.

Kwanza nitawasimulieni jambo nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa darasa la 5, mama yangu alikuwa mchumaji katika shamba moja la chai. Chai huchumwa kwa vidole, majani mawili machanga pamoja na kichipukizi chake, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo katika shamba la chai mzani ndio hakimu. Ukisema kilo 40, ni 40. Ukisema kilo 35, hata kama kikapu kimekuvunja mgongo, ni 35.

Mama aliona kuwa kikapu chake, kilichojaa kama siku zote, kimeanza kupungua uzito. Akamwambia karani. Karani akamjibu, "Mama, mzani haubishani na mtu. Kama huutaki, rudi nyumbani." Mama akanyamaza, kwa maana alikuwa na watoto wa kulisha. Juma lililofuata mwanamke mwingine alisema neno lile lile. Huyo akahamishwa, akapelekwa kwenye kilima chenye chai haba. Basi wote wakajua gharama ya kusema peke yako.

Usiku ule wakakusanyika jikoni kwa bibi mmoja aliyekuwa mkubwa wao. Bibi akawaambia, "Wanangu, tukienda na maneno watatujibu kwa maneno. Twende na kitu ambacho macho yanaweza kukiona." Wakaazima kwa mwenye duka mfuko wa mbolea ambao haujafunguliwa, ulioandikwa kilo 50. Asubuhi wakaubeba kwa zamu mpaka penye mzani, wakamwomba karani aupime mbele ya wote. Mshale ukasimama kwenye 46.

Nilikuwapo siku ile, kwa maana nilikuwa nimemletea mama chakula. Hakuna aliyepiga kelele wala kumtukana karani. Wakachagua watatu miongoni mwao, nao wakaenda kwa meneja, na wengine wote wakangoja nje. Baada ya siku 3 ukaletwa mzani mpya. Mpaka leo sijui kama ule wa kwanza ulikuwa umechakaa kwa uzee au ulikuwa umechezewa. Kilo zilizokwisha kupotea hazikulipwa.

Sasa fanyeni hesabu. Mzani uliopunguza kilo 4 katika kila 50 ulimpunguzia mtu wa kilo 40 zaidi ya kilo 3 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya kilo 80, yaani kazi ya siku 2 nzima katika kila mwezi, bure.

2. Maana ya chama

Akina mama wale hawakuwa na katiba wala muhuri, lakini walikuwa wamekwisha kuuona mzizi wa chama cha wafanya kazi. Mzizi wenyewe ni huu. Mwenye kazi na mfanya kazi mmoja hawako sawa wanapopatana. Mwenye kazi akimkosa mtu mmoja, ataona upungufu mdogo tu; lakini mfanya kazi akikosa ujira wa juma moja, nyumba yake italala njaa. Kwa hiyo mapatano yao ni kama mzani wenye jiwe zito upande mmoja. Watu wakiungana, upande mwepesi hupata uzito. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Chama cha wafanya kazi ni umoja wa watu wanaofanya kazi ya kulipwa, walioungana kwa hiari yao ili walinde ujira wao, afya yao na heshima yao kazini. Kila mwanachama hutoa ada. Wanachama huandika katiba, huchagua viongozi, nao viongozi huwapa hesabu ya fedha zilizopokewa na zilizotumika.

Kazi zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni kupatana na mwenye kazi kwa niaba ya wote, na kuyaandika mapatano hayo ili yasisahauliwe. Ya pili ni kumsimamia mwanachama mmoja mmoja anapoonewa. Ya tatu ni kuwafundisha wafanya kazi sheria, wajue haki zao na wajibu wao. Ya nne ni mgomo, yaani kuacha kazi wote pamoja, njia nyingine zinaposhindwa.

3. Siku za kipande

Zamani haki hizi hazikuwako. Katika mashamba ya katani ya Tanganyika wakati wa ukoloni, kibarua alipewa karatasi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Hakupata mshahara wake mpaka siku zote 30 zimejaa. Akiugua, au asipomaliza kazi aliyopimiwa, siku ile haikuhesabiwa. Tena kwa sheria ya mwaka 1923 mtu aliyeuacha mkataba wake kabla ya wakati aliweza kushitakiwa na kuadhibiwa kama mkosaji. Mwenye kazi aliweza kumpeleka kibarua mahakamani kwa kutoroka; lakini kibarua, asiyejua kusoma na aliye mbali na kwao, angemshitaki nani?

Watu wa kalamu walianza kuungana mapema. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Hicho hakikuwa chama cha wafanya kazi kwa maana kamili ya leo, lakini kiliwazoesha watu kukutana, kuandika maombi yao, na kusema kwa sauti moja.

4. Watu wa kwetu katika migodi

Babu zetu wa Rungwe hawakukaa nyumbani tu. Wengi walikwenda Lupa, upande wa Chunya, kuchimba dhahabu, na wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Habari za migodi ile zinatufundisha tofauti kati ya kundi la watu wenye hasira na chama.

Mwezi wa Mei mwaka 1935 wachimbaji Waafrika waliacha kazi kwa sababu ya kodi iliyoongezwa ghafula. Hawakuwa na chama, wala hapakuwa na njia iliyokubaliwa ya kupeleka shauri lao. Huko Luanshya umati ulikutana na polisi, polisi wakapiga risasi, na watu 6 wakafa. Mwaka 1940 mgomo mwingine ulileta vifo zaidi huko Nkana.

Mwaka 1949 wachimbaji Waafrika waliunda chama chao, na Lawrence Katilungu akawa rais wake. Mwaka 1952 chama hicho kiliongoza mgomo wa majuma 3. Watu walikaa majumbani mwao kwa utulivu, viongozi wakazungumza na wenye migodi, na shauri likapelekwa kwa msuluhishi, naye akawapa nyongeza ya ujira. Madini yalikuwa yale yale, na wenye migodi walikuwa wale wale. Lakini safari hii wafanya kazi walikuwa na chama.

5. Bandari ya Dar es Salaam

Katika nchi yetu wenyewe, wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam ndio waliopata sifa ya kwanza. Wengi wao walikuwa vibarua wa siku. Meli ikija, wanaitwa. Meli ikiondoka, wanakaa bila kitu. Mtu aliyevunjika mguu kwa mzigo alirudi nyumbani na mguu wake na umaskini wake. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943.

Mwezi wa Septemba mwaka 1947, bei za vitu zilipokuwa zimepanda sana baada ya Vita Kuu ya Pili, waligoma mara ya tatu. Safari hii wafanya kazi wengine wa mji waliwafuata, na mgomo ukaenea bara kwa njia ya reli. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, wafanya kazi kama 15,000 walikuwa wamekwisha kugoma Mombasa. Na mwaka uliofuata, 1948, Unguja nako wakagoma. Habari zilisafiri pamoja na meli, kutoka bandari moja mpaka nyingine.

Wapagazi wa Dar es Salaam walipata nyongeza ya ujira, na mwaka ule wa 1947 wakaunda chama chao. Lakini chama hicho hakikudumu. Mwaka 1950 ukatokea mgomo mwingine, ghasia zikaingia ndani yake, na Serikali ya kikoloni ikakivunja chama. Basi angalieni: kilichojengwa kwa miaka mingi ya uvumilivu kilibomolewa katika mwaka mmoja wa ghasia. Wapo waliosema kosa ni la wakubwa waliokataa kusikiliza, na wapo waliosema kosa ni la wale waliorusha mawe. Msomaji mwenye akili ataona kuwa mambo yote mawili yaweza kuwa kweli.

6. Vyama na Uhuru

Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana, likaanzishwa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Tanganyika, lililojulikana kwa herufi TFL. Tom Mboya wa Kenya alikuja kutoa shauri, na katibu mkuu wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Katika muda wa miaka michache wanachama waliongezeka, na ilipofika mwaka wa Uhuru, 1961, walikuwa karibu laki mbili. Vyama hivyo vilisaidiana na TANU katika kudai Uhuru.

Lakini baada ya Uhuru swali jipya lilizuka: je, chama cha wafanya kazi kiseme nini Serikali inapokuwa ya wananchi wenyewe? Mwaka 1962 sheria ilifanya migomo kuwa migumu. Mwezi wa Januari mwaka 1964 askari waliasi, na baadaye viongozi kadha wa vyama wakakamatwa. TFL ikavunjwa, na mahali pake kikawekwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais, na huyo wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Kwa upande mmoja, mwaka ule ule ilitungwa sheria iliyomzuia mwenye kazi kumfukuza mtu ovyo. Kwa upande wa pili, ni vigumu mtu mmoja kuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Baada ya NUTA ikaja JUWATA, na katika miaka ya 1990 vyama vilivyo mbali na Serikali vikarudi. Chama cha Walimu Tanzania kilianzishwa mwaka 1993. Leo vyama vingi vya Tanzania Bara vimeungana katika shirikisho liitwalo TUCTA, na wafanya kazi wa mashambani wana chama chao kiitwacho TPAWU.

7. Sheria isemavyo sasa

Sheria kubwa ya siku hizi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Haya ni baadhi ya maneno yake, nayo yafaa kukumbukwa.

Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Kazi ya ziada ilipwe zaidi, mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mfanya kazi wa kudumu apate likizo ya siku 28 kwa mwaka, naye alipwe. Mama aliyejifungua apate likizo ya siku 84, na aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja apate siku 100. Mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki na bila kusikilizwa. Wafanya kazi 20 wanaweza kukutana na kuanzisha chama. Ni marufuku kumfukuza mtu kwa sababu ameingia katika chama.

Mtu akionewa, shauri lake laweza kupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwanza msuluhishi hujaribu kuwapatanisha wenye ugomvi, na wasipopatana shauri huendelea mbele.

Lakini sheria iliyolala kitabuni haimsaidii mtu. Lazima awepo wa kuisoma, wa kuisema, na wa kuifuatilia. Hiyo ndiyo kazi ya chama, na ndiyo sababu mojawapo ya ninyi kufundishwa kusoma na kuhesabu. Mfanya kazi asiyejua kusoma mkataba wake hutia kidole gumba juu ya maneno asiyoyajua.

8. Mgomo ni dawa kali

Watu wengi hudhani kuwa chama ni mgomo tu. Sivyo. Mgomo ni kama dawa kali: huponya, tena hudhuru. Chai, kwa mfano, haingoji. Chipukizi zisipochumwa kwa siku zake hukomaa zikawa majani magumu, na majani yaliyokwisha kuchumwa yasipofika kiwandani upesi huharibika. Hii ndiyo nguvu ya mchumaji anapogoma, na hii ndiyo hatari yake pia. Kwa maana shamba likipata hasara kubwa mno, ujira wa kila mtu umo hatarini.

Kwa hiyo sheria imeweka hatua. Shauri lipelekwe kwanza kwenye usuluhishi. Likishindikana, wanachama wapige kura, na wengi wa waliopiga kura wakubali. Kisha mwenye kazi apewe taarifa ya saa 48. Tena wale ambao kazi zao zinashika uhai wa watu, kama wauguzi wa hospitali na wazima moto, wamewekewa masharti makali zaidi.

Sisi walimu tuliionja dawa hiyo. Tarehe 30 Julai mwaka 2012 Chama cha Walimu kiliwaita walimu kugoma, wakidai nyongeza ya mshahara na posho. Tarehe 2 Agosti mahakama iliamua kuwa mgomo ule haukufuata sheria, na walimu wakarudi kazini. Wakati ule nilikuwa kijana, nikifundisha katika shule moja ya Serikali. Madai yetu niliyaona kuwa ya haki, na hata leo nayaona hivyo. Lakini namkumbuka msichana mmoja wa darasa la 7 aliyefika shuleni asubuhi na daftari zake. Aliketi kizingitini, akasubiri. Mtihani wake ulikuwa umebaki majuma machache tu. Aliniuliza, "Mwalimu, leo tutafanya hesabu?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile, kila nisikiapo neno mgomo, nauliza maswali mawili: Je, madai ni ya haki? Na nani mwingine atakayelipa gharama?

9. Neno kwenu ninyi

Liko jambo moja la sheria hii ambalo lawahusu ninyi wasomaji wenyewe, leo, si mtakapokuwa watu wazima. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Aliyefikisha miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kumsaidia mama kuteka maji au kupalilia viazi siyo kuajiriwa. Hayo ni malezi. Lakini pengine atakuja mtu nyumbani kwenu, labda jamaa mwenye maneno matamu, aseme atakupeleka Mbeya au Dar es Salaam ukalee mtoto wa watu, nawe utapelekwa shule huko huko. Wengi walioahidiwa shule walipewa ufagio. Hawana saa za kazi, hawana siku ya kupumzika, na mshahara wao unatumwa kwa mtu mwingine au hautumwi kabisa. Mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mtu hana wenzake wa kukaa nao jikoni usiku na kufanya shauri.

Basi ukiambiwa hivyo, usinyamaze. Waambie wazazi wako, mwambie mwalimu wako, au mtendaji wa kata. Usiseme peke yako ukaachia hapo. Mtafute wa kusema pamoja nawe. Hivyo ndivyo walivyofanya akina mama wa chai, walipoubeba mfuko ule kwa zamu, kila mmoja akimpokea mwenzake kabla hajachoka.

Maswali

1. Kwa nini mfanya kazi mmoja na mwenye kazi hawako sawa wanapopatana?
2. Kipande kilikuwa nini? Kibarua alipata hasara gani alipougua?
3. Eleza tofauti kati ya mgomo wa mwaka 1935 na ule wa mwaka 1952 katika migodi ya shaba.
4. Mzani unaonyesha kilo 46 badala ya 50. Mchumaji aliyechuma kilo 30 za kweli ataandikiwa kilo ngapi?
5. Taja hatua tatu zinazotakiwa kabla ya mgomo.
6. Ungemjibuje msichana aliyeketi kizingitini?